Bonde Lisilo na Mlango: Kuchakata Data Kubwa za Mwinuko kwa Programu Huria

Maji ya Mto Malewa hayafiki baharini. Huteremka kutoka milima ya Nyandarua, yakaingia katika Ziwa Naivasha, na hapo ndipo safari yake juu ya ardhi inapokoma, kwa kuwa ziwa hilo halina mto hata mmoja unaotoka ndani yake. Hali ni iyo hiyo katika Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Baringo, Magadi na Turkana. Mwanafunzi yeyote aliyesoma jiografia ya Kenya analijua jambo hili. Programu za ramani hazilijui. Zikiachiwa zichore zenyewe mito ya Bonde la Ufa, aghalabu huyatoa maji ya Malewa ziwani na kuyapeleka hadi ukingoni mwa ramani. Makala haya yanaeleza jinsi data kubwa za mwinuko zinavyochakatwa kwa programu huria iitwayo GRASS GIS, na sababu ya suala la ukubwa wa data kushikamana na suala la ukweli wa mabonde yenyewe.

Inafaa kwanza neno bonde lifafanuliwe, maana katika Kiswahili limebeba dhana mbili. Bonde la Ufa ni umbo la ardhi. Bonde la mto, kama wasemavyo wataalamu wa maji, ni eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto au ziwa moja, hata kama sehemu kubwa ya eneo hilo ni vilele vya milima. Hapa chini, bonde lisilotajwa pamoja na Ufa lina maana hii ya pili. Mwenye kufasiri vitabu vya jiografia hana budi kuwa macho.

Data zinazozungumziwa zilikusanywa na chombo cha anga cha Endeavour kilichorushwa kutoka Marekani tarehe 11 Februari 2000. Kwa muda wa siku 11, rada zake zilipima mwinuko wa nchi kavu yote iliyo kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Kwa miaka mingi, nchi zilizo nje ya Marekani zilipewa data zenye nafasi ya takriban mita 90 baina ya nukta na nukta. Kuanzia mwaka wa 2014 zile za mita 30 zilifunguliwa kwa umma, Afrika ikitangulizwa. Data hizo hugawanywa katika vipande vya digrii moja kwa moja. Kila kipande kina safu 3,601 na nguzo 3,601, yaani nukta 12,967,201. Safu ile moja inayozidi 3,600 si kosa la kuhesabu: ni mpaka ambao kipande kinashiriki na jirani yake ili viweze kushonwa pamoja bila pengo.

Kipande kimoja hakimtishi mtu, kwani huchukua takriban megabaiti 26 tu. Matatizo huanza vinaposhonwa. Mstatili wa digrii 10 kwa 8 unaokaribia kuifunika Kenya una vipande 80, na ndani yake mna miraba zaidi ya bilioni moja, kila mmoja ukiwa na mwinuko wake.

Hapa ndipo inapofaa kutofautisha aina mbili za hesabu. Kukokotoa mteremko wa mahali fulani huhitaji mwinuko wa mraba husika na wa majirani wake wanane, basi. Programu husoma safu tatu za ramani, ikakokotoa, ikaacha moja na kuchukua nyingine, hadi mwisho. Ramani iwe ya kata au ya bara zima, tarakilishi ndogo itaimaliza mradi ipewe muda. Mtiririko wa maji hauko hivyo. Ili kujua ni maji kiasi gani yanapita katika mraba mmoja wa Mto Tana karibu na Garissa, sharti ijulikane miraba yote iliyo juu yake, hadi Nyandarua na Mlima Kenya. Kuikata ramani vipande vipande na kukokotoa kila kimoja peke yake hakusaidii, kwa sababu mto hauheshimu mpaka wa kipande. Mtu akifanya hivyo atapata mito inayozaliwa upya kila baada ya kilomita mia moja na ushei.

Kwa hiyo programu hutaka kuishika ramani yote kwa mpigo. Katika GRASS, kazi hii hufanywa na moduli iitwayo r.watershed, iliyoasisiwa na Charles Ehlschlaeger katika maabara ya jeshi la Marekani huko Illinois, ambako GRASS yenyewe ilianza kuundwa mwaka wa 1982. Mwongozo wake husema kwamba kila miraba milioni moja huhitaji kumbukumbu isiyozidi megabaiti 31. Ukizidisha kwa ule mstatili wa Kenya, jawabu ni takriban gigabaiti 32. Tarakilishi yenye gigabaiti 8 haitafika popote.

Njia ya kwanza ya kukwepa kizuizi hiki ni kuiamuru moduli itumie diski badala ya kumbukumbu. Ramani huvunjwa katika matofali yanayohifadhiwa diskini, na kila tofali huletwa linapohitajika tu. Gharama yake ni muda. Mfano wa karani wa masjala utasaidia: akitumwa kuleta faili moja, akarudi, akatumwa nyingine iliyo upande wa pili wa ghala, siku itakwisha angali njiani. Afadhali angepewa orodha iliyokwisha kupangwa kwa kufuata rafu, azichukue zote kwa mzunguko mmoja. Wazo hilo la pili ndilo lililozaa r.terraflow, moduli iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke mwanzoni mwa miaka ya 2000. Badala ya kurukaruka diskini, moduli hii huipanga miraba kwa mwinuko wake na kuichakata kwa mfululizo. Upangaji ni kazi kubwa, lakini diski hupenda kusomwa kwa mfululizo.

Ukubwa ukishadhibitiwa, hubaki swali gumu zaidi, nalo ni la mashimo. Rada huona vilele vya miti badala ya ardhi iliyo chini yake, na huona daraja kana kwamba ni ukuta uliojengwa kukatiza mto. Matokeo yake ni maelfu ya vishimo vya uongo ambamo maji ya kwenye ramani hukwama. Suluhisho lililozoeleka ni kuvijaza hadi maji yapite, na ndivyo r.terraflow inavyofanya. Moduli ya r.watershed haijazi chochote. Huanzia kingoni mwa ramani, mahali ambapo maji huchukuliwa kuwa yanatoka, ikapanda kuelekea ndani, kila mara ikichagua mraba wa chini kabisa miongoni mwa ile iliyoifikia, na kila mraba mpya huelekezwa kwenye ule uliotangulia kufikiwa. Kwa njia hii kila shimo hupatiwa mlango kupitia sehemu ya chini kabisa ya ukingo wake.

Utaratibu huu ni wa busara kubwa katika nchi ambazo mito yake yote huenda baharini. Katika Bonde la Ufa, unafuta jiografia. Kwa hesabu ya aina hii, Naivasha halitofautiani na kishimo kilichosababishwa na daraja. Ni kikubwa zaidi tu. Kusini mwa ziwa hilo lipo korongo la Ol Njorowa, ambalo maelfu ya miaka iliyopita lilipitisha maji ya ziwa kubwa la kale lililofurika. Programu isiyojua umri wa kitu chochote huyachukulia maji ya leo kana kwamba ziwa lile lingali limejaa pomoni.

Tiba ipo, na haihitaji kuandika programu upya. Moduli ya r.watershed hukubali ramani ya ziada inayoonyesha mashimo ya kweli. Maji huingia humo na hayatoki. Mtafiti hulazimika kuichora ramani hiyo mwenyewe: Naivasha, Nakuru, Elmenteita, ziwa baada ya ziwa. Hakuna hesabu itakayomfanyia uamuzi huo, na pengine hiyo ni heri. Faida ya programu huria katika jambo hili si kwamba hailipiwi pekee. Tangu mwaka wa 1999, GRASS imetolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma msimbo wake, hivyo anayetilia shaka mto uliochorwa anaweza kufuatilia ulikochorewa. Katika programu iliyofungwa, angelazimika kuamini.

Hata hivyo, mwenye kuchora maziwa hayo na akumbuke tarehe. Kingo za maziwa zilizomo katika data hizi ni za Februari 2000. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yameongezeka, na kufikia mwaka wa 2020 maji ya Baringo na Naivasha yalikuwa yamemeza nyumba, shule na mashamba ya watu. Anayepima hatari ya mafuriko kwa kutegemea ufuo wa mwaka wa 2000 atazihesabu nyumba zilizokwisha kuzama kuwa ziko salama nchi kavu.

Dokezo moja la kazi: GRASS hukokotoa tu ndani ya eneo la kazi lililowekwa, kwa ukubwa wa mraba uliowekwa. Ukiuweka mraba wa mita 900 badala ya 30, miraba hupungua mara 900, na Kenya nzima hubaki na milioni moja na kidogo. Makorongo membamba hupotea, lakini kosa la bonde zima huonekana mapema, kabla ya kuiacha tarakilishi ikesha usiku kucha.

Kosa mojawapo litakaloonekana hivyo liko Turkana. Moduli huandika idadi hasi ya miraba pale inapotambua kwamba huenda maji mengine yanatoka nje ya ramani. Katika mstatili wa Kenya, alama hiyo hutokea kwenye Mto Omo, ambao hulipa Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake na ambao chanzo chake kiko katika nyanda za juu za Uhabeshi. Mstatili ukisogezwa kaskazini hadi latitudo 10, kumbukumbu inayohitajika hupanda hadi takriban gigabaiti 48. Ukiachwa mpaka wa nchi na kufuatwa bonde la Turkana lenyewe, kuanzia digrii 1 kusini hadi 10 kaskazini, na kutoka longitudo 34 hadi 39 mashariki, vipande huwa 55 na kumbukumbu takriban gigabaiti 22, pungufu ya ile ya Kenya peke yake.