Mali ya Mtoaji na Daftari la Chuo (Sehemu ya Tatu)

Nilikusudia katika sehemu hii kumaliza habari za wakfu wa vyuo vya Ulaya, walakini barua za marehemu Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyehukumiwa Florida kwa makosa ya ngono, zilizotolewa na kamati ya Bunge la Marekani mnamo Novemba 2025, zimeirudisha mezani kesi ya fedha zake, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard kilidhani kimeifunga tangu 2020, nacho kimesema kitachunguza upya habari za watu wake waliotajwa humo, akiwamo Larry Summers aliyekuwa rais wake tangu 2001 hata 2006. Basi Ulaya na ingoje.

Swali linaloulizwa na wengi ni moja: je, chuo kilipokea fedha za Epstein, au hakikupokea? Swali hilo ni jepesi mno, na wepesi wake huwafaa zaidi wale wanaotakiwa kulijibu. Ili msomaji aone kwa nini nasema hivyo, naomba ruhusa nimpeleke mwaka 1905, kwenye kisa ambacho sichoki kukisimulia.

Mwaka huo bodi ya misheni ya kanisa la Kikongregesheni, yenye makao yake Boston, ilitangaza kuwa imepata dola 100,000 kwa John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta wa Standard Oil, ambaye mwaka mmoja tu kabla yake mwandishi Ida Tarbell alikuwa amechapisha kitabu kizima kubainisha jinsi alivyowamaliza washindani wake kwa mapatano ya siri na makampuni ya reli. Wachungaji wakachachamaa. Washington Gladden, mchungaji wa Columbus, Ohio, aliyekuwa msimamizi wa baraza kuu la kanisa hilo, akashika hoja kwamba kanisa likiipokea mali ya dhuluma huwa limemheshimu dhalimu na kujifanya mshirika wake, na wala halitaweza tena kumkemea. Waliokuwa upande wa bodi wakajibu kwamba sadaka haiulizwi ilikotoka, na watu wakaachwa waamini kuwa fedha ile imekuja yenyewe. Ndipo Frederick T. Gates, mshauri wa Rockefeller, ambaye naye alipata kuwa mchungaji wa Kibaptisti, alipotaka kweli isemwe hadharani. Na kweli ilikuwa kwamba maofisa wa bodi ndio waliomwandama tajiri, wakimbembeleza kwa muda mrefu mpaka akatoa. Fedha haikurudishwa. Ama Gladden, na hapa ndipo ninapompendea, hakunyamaza kwa haya, bali aliigeuza hoja yake, akataka bodi isiende tena kuwaomba watu wa namna hiyo. Na hoja hiyo ya pili ni bora kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa inamtoa mwombaji gizani.

Turejee Harvard. Ripoti yake ya Mei 2020 ilikiri dola milioni 9.1 zilizopokewa kati ya 1998 na 2008, na katika hizo milioni 6.5 zilitolewa mwaka 2003 kwa programu ya Profesa Martin Nowak, inayochunguza mageuzi ya viumbe kwa hisabati. Baada ya hukumu ya Florida ya 2008 haikuonekana hata senti moja kutoka kwa Epstein, maana rais wa chuo, Drew Faust, alikataza. Anayesoma daftari la fedha peke yake ataondoka ameridhika. Lakini ripoti hiyo hiyo yaeleza kwamba mtu huyu, aliyekwisha kutiwa hatiani, alifika katika ofisi za programu ile zaidi ya mara 40 kati ya 2010 na 2018. Alikuwa na kadi ya kufungulia mlango na chumba kilichojulikana kwa jina lake, humo akatandika zulia lake na kutundika picha zake ukutani. Fauka ya hayo, aliwaunganisha maprofesa na matajiri wengine, nao wakatoa mamilioni kwa majina yao wenyewe. Na zamani kidogo, mwaka 2005, alikubaliwa kuwa mwanazuoni mgeni katika idara ya saikolojia, ilhali hana shahada yoyote, kwa pendekezo la profesa aliyekwisha kupokea dola 200,000 zake.

Katika sheria ya wakfu tuliyoieleza mwanzoni mwa mfululizo huu, mali ikishatolewa imetoka mikononi mwa mwenyewe, na msimamizi huwajibika kwa hesabu yake. Hawa walimpokea mtoaji pamoja na mali, wakampa na ufunguo. Sioni udhuru.

Kuhusu chuo cha MIT, ambacho nacho kilipokea fedha za Epstein, nafasi haitoshi: dola 850,000, mara kumi, 2002 hadi 2017, na mara tisa katika hizo ni baada ya hukumu.

Uchunguzi wa 2020 wa Harvard uliongozwa na mwanasheria mkuu wa chuo chenyewe, akisaidiwa na mawakili wa nje. Nasema wazi kwamba mtuhumiwa hawi kadhi wa kesi yake. Nanyi mnaokaa katika mabaraza ya vyuo, popote mlipo, takeni daftari la wageni lisomwe pamoja na daftari la fedha, na barua za kuomba zisomwe pamoja na barua za kushukuru, tena zisomwe na mtu asiyelipwa mshahara na chuo.