Kasungami haiombi Disney ndogo, inaomba hekta moja

LUBUMBASHI – Siku ya Mungu, kisha watu kutoka kanisani, barabara za Kasungami zinageuka uwanja wa michezo. Vijana wanapiga mpira pahali ambapo majani yalikwisha zamani. Wasichana wanacheza nzango pembeni ya njia, wakiimba na kupiga makofi. Wadogo zaidi wanasukuma motokari walizotengeneza kwa waya na vifuniko vya chupa. Lori likitokea, wote wanaruka kando, wanangoja vumbi lishuke, kisha wanarudi katikati ya njia.

Hakuna anayewafukuza, na hakuna aliyewatengea pahali. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za komini Annexe, ile inayozunguka komini zingine sita za Lubumbashi kama pete na ambako mji unaendelea kupanuka kila mwaka. Watu wananunua parseli, wanachoma matofali, wanajenga. Nyumba zinafika kwanza. Maji, umeme na barabara vinafuata kama vitafuata. Pahali pa watoto kuchezea, hapo hata mazungumzo hayajaanza.

Lakini watoto hao hao wanaona dunia kwenye simu za wakubwa wao. Wanaona nyumba za kifalme zenye minara ya rangi, magari yanayopanda juu na kushuka kwa kasi huku watu wakipiga kelele, na panya aliyevaa glavu nyeupe akiwapungia watu mkono. Wanauliza: ni wapi kule? Na sisi tutaenda lini?

Jibu la kweli ni gumu kumpa mtoto. Kampuni ya Disney ilifungua parki yake ya kwanza California mwaka 1955. Ikafuata Florida mwaka 1971, Tokyo mwaka 1983, Paris mwaka 1992, Hong Kong mwaka 2005 na Shanghai mwaka 2016. Mwezi wa Mei 2025 ilitangaza kwamba pahali pa saba patakuwa Abu Dhabi. Afrika haimo. Hata kama njia ingekuwa fupi, tiketi ya siku moja Florida inapita dola 100 kwa mtu mmoja, bila kuhesabu ndege, chakula na kulala. Familia ya watoto watano ifanye hesabu yenyewe.

Kwa hiyo kuna swali ambalo watu wanajiuliza hata Marekani kwenyewe: kwa nini kampuni kubwa kama hizi zisijenge parki ndogo ndogo katika mikoa, karibu na watu, badala ya kungoja dunia nzima ipande ndege kwenda kuzifuata?

Ili kujibu, ni lazima kufahamu feza za parki hizo zinatoka wapi. Tiketi ni sehemu tu. Faida kubwa iko kwa mtu aliyetoka mbali, anayelala hotelini siku nne au tano, anayekula humo humo na kununua zawadi kabla ya kurudi kwao. Parki ndogo ya mkoa haina mtu huyo. Mgeni wake anatoka mtaa wa jirani, anafika saa nane, anarudi kwake saa kumi na moja jioni, na pengine amebeba mihogo ya kuchemsha kutoka nyumbani.

Tena Disney haipeleki feza zake yenyewe kila pahali. Parki za Tokyo ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land, inayolipa ili itumie jina na picha za Disney. Abu Dhabi nako, kampuni ya huko inayoitwa Miral ndiyo itakayojenga na kuendesha, huku Disney ikitoa jina na wataalamu wake na kupokea malipo. Maana yake ni kwamba panya yule haendi panapo watoto wengi. Anaenda palipo na mtu mwenye mfuko mkubwa aliyekuja kumwita.

Na ile njia ya kujenga kidogo, Disney iliwahi kuijaribu. Mwaka 1998 ilifungua Orlando jengo la ghorofa tano lililoitwa DisneyQuest, limejaa michezo ya kompyuta na mashine za kumfanya mtu aone kama anapaa au anashuka mtoni. Mpango ulikuwa kuyatawanya majengo ya namna hiyo katika miji mingi. La pili lilifunguliwa Chicago mwaka 1999. Mwaka 2001 lilikuwa limekwisha kufungwa. La tatu, lililoanza kuchimbiwa msingi Philadelphia, halikujengwa. Lile la Orlando lilijikokota mpaka mwaka 2017. Michezo iliyokuwa ajabu mwaka 1998 ilikuwa imeingia sebuleni mwa kila nyumba, na mtu halipi mara mbili kwa kitu ambacho mtoto wake anakipata kwenye kochi. Mwaka 2023 mshindani wake, Universal, alitangaza parki ndogo ya watoto katika mji wa Frisco, Texas. Labda atafaulu. Lakini Texas ina familia zenye motokari mbili mbili na umeme usiokatika kila jioni.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini inatupa mifano miwili inayopingana. Mjini Cape Town, parki ya Ratanga Junction ilifunguliwa mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2018, kisha eneo lake likapangiwa majengo mengine. Ardhi ilikuwa imepata bei kuliko furaha. Johannesburg, kwa upande mwingine, iko Gold Reef City, iliyojengwa juu ya mgodi wa dhahabu wa zamani. Watu wanalipa ili washushwe chini ya ardhi waone wachimbaji walivyofanya kazi. Mtoto wa Katanga akiambiwa kwamba kuna watu wanatoa feza yao ili waingie mgodini, atacheka sana, maana hapa watu wanaingia ili waitafute. Hata hivyo jambo moja linaonekana pale: parki ile inasimama kwa sababu ilichukua historia ya pahali pake, haikuazima ya watu wengine. Lubumbashi, yenye bomba lake la moshi na mlima wake mweusi wa mabaki ya shaba, isingekosa la kuwaonyesha wageni.

Afrika Mashariki nako kuna parki za wenyeji. Dar es Salaam wana Kunduchi na mitelezo yake ya maji. Kampala wana mitambo ya kuchezea kule Kansanga. Kinshasa ina FIKIN, maonyesho ya biashara yenye mitambo ya watoto, lakini kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa barabara ni habari nyingine kabisa.

Sisi tuna bustani ya wanyama, katika komini Lubumbashi. Siku za Noeli na Bonane watoto wa kila mtaa wanaielekea wakiwa na nguo mpya. Humo pia kuna makao ya sokwe ya shirika la J.A.C.K., linalowatunza tangu mwaka 2006 sokwe walionyang'anywa mikononi mwa wafanya biashara haramu. Ni pahali pazuri. Ila kwa mzazi wa Kasungami ni safari ya mjini: teksi ya kwenda na ya kurudi kwa kila kichwa, kiingilio, kitu cha kunywa. Safari hiyo inafanyika mara moja kwa mwaka, ikifanyika. Mtoto anahitaji kucheza kila siku.

Lakini tusiseme kwamba Katanga haijawahi kuona kampuni kubwa ikijenga pahali padogo pa kujifurahisha. Iliona, na kwa miaka mingi.

Union Minière, na kisha Gécamines iliyorithi migodi yake baada ya serkali kuitwaa mwaka 1967, haikujenga viwanda peke yake. Kutoka Lubumbashi na Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, kila kambi ya wafanyakazi ilikuwa na vitu vyake: masomo, hospitali, kiwanja cha mpira, serkle ya watu kukutania, fwaye ambamo akina mama walijifunza kushona na kupika, na pahali pengine sinema na pisini. Posho ilitolewa na kampuni, hata leo wazee wetu wanaita Jumamosi siku ya posho. Ukiangalia vizuri, hizo zilikuwa parki ndogo za mikoa kabla ya mtu yeyote kuziita hivyo. Ziliwekwa karibu na watu, na hazikulipishwa mlangoni.

Kulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, mlango haukuwa wa kila mtu. Mtoto wa mfanyakazi aliingia. Mtoto wa muuza makala alichungulia kupitia uzio. Ya pili, kila kitu kilining'inia kwenye kamba moja. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye hazikufika hata 50,000. Kamba ilipokatika, vyote vilianguka pamoja: mishahara, posho, dawa, na bembea za watoto. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema watoto wa Shaba waliachwa na baba yao. Mtu aliyekulia kambini hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana mimi sishangilii nikisikia mtu akisema tungoje kampuni kubwa ije ituletee parki, iwe ya panya au ya shaba. Baba wa namna hiyo tumekwisha kuwa naye.

Haimaanishi kwamba kampuni za leo zisidaiwe kitu. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 inazilazimisha kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na kazi zao. Sheria hiyo hiyo inagawa ushuru wa madini: asilimia 50 kwa serkali ya kati, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au utemi ambako migodi inachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika mikutano ya kupanga matumizi ya feza hizo, shule na visima vinatajwa kwanza, na ni haki. Lakini vizazi vijavyo viko pale barabarani leo, vinakimbia lori.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Parseli ya mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Kwa hiyo hekta moja inayoachwa kwa watoto ni parseli 16 ambazo hazitauzwa, hata pungufu kidogo ukitoa barabara. Hapo ndipo ugumu ulipo. Hautoki Marekani, unatoka kwenye hizo parseli 16. Kila moja ina mtu anayeitamani, mtu anayetaka kuiuza, na mtu anayengoja makuta yake katikati. Watoto hawana mtu katika foleni hiyo.

Kisheria, njia ipo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serkali, na mtaa unapopimwa, ramani yake inatakiwa ionyeshe pahali pa shule, pa soko, pa kituo cha afya na pa wote. Wakaaji wa miji ya Kongo wanajua namna pahali pa wote panavyoweza kulala uwanja na kuamka na ukuta. Kwa hiyo hati peke yake haitoshi. Inahitajika hati, uzio wa miti, na mtu mmoja anayelipwa kila mwezi kuangalia.

Na ndani ya hekta hiyo tuweke nini? Hapa nitakuwa mkaidi: tusianze na mashine. Mtambo wa kuzungusha watoto unahitaji umeme usioyumba, fundi anayeukagua kila asubuhi, na vipuri vitakavyoagizwa kutoka mbali. Bila hivyo, mwaka wa kwanza ni sherehe, wa pili ni kutu, na wa tatu ni ajali. Kivuli kwanza. Miembe inaota vizuri katika udongo wetu mwekundu. Bembea za mbao na chuma ambazo msudeli wa mtaani anaweza kuzirekebisha. Kiwanja cha mpira, na kingine cha nzango kisichomezwa na cha mpira, kwa sababu wavulana wakipewa kiwanja kimoja wanakichukua chote. Bomba la maji na choo safi chenye mlango. Mfereji mzuri pia, maana kutoka Novemba mpaka Aprili mvua ya Lubumbashi haiombi ruhusa. Ikiwa mfanya biashara wa hapa anataka kuleta maneji yake siku za Bonane, aje, alipe komini, kisha aiondoe Januari.

Parki ya namna hiyo haitakuwa na mnara wa kifalme, na hakuna atakayepanda ndege kuja kuiona. Mtoto ataifikia kwa miguu, bila tiketi, Jumatatu kama siku ya Mungu.

Wazazi wa Kasungami wanaweza kuanza wiki hii bila kungoja feza ya mtu. Mkuu wa mtaa yupo, ofisi ya burugumesta ya komini Annexe ipo, ya kadastre ipo. Waombe waonyeshwe ramani ya mtaa, na waulize ni wapi pamebaki pahali pasipo namba ya parseli. Waende wengi, na waende mapema, kabla msimu wa kiangazi haujaleta tena malori ya matofali.