Gari Lililohukumiwa kwa Homa Yake

Mtu akishikwa na homa, tabibu hodari hamlaumu kwa kutoka jasho. Humwuliza: homa ilianza lini, hupanda wakati gani, hushuka vipi? Kwani homa ni dalili tu. Maradhi yenyewe yamejificha. Injini nayo ni vivyo hivyo, na gari lililofunza somo hili kwa gharama kubwa ni Triumph Stag.

Gari hili la fahari, lenye paa la kukunjwa, lilitolewa Coventry, Uingereza, mwaka 1970. Umbo lake lilichorwa na Mtaliana Giovanni Michelotti, na ndani mlitiwa injini mpya ya lita 3, silinda nane zilizopangwa nne kwa nne mfano wa herufi V. Lilipendeza machoni na masikioni. Lakini haukupita muda likapata jina baya: hutokota maji. Mwaka 1977 uundaji ukakoma, baada ya magari yapata 26,000 tu. Wenyewe wengi wakaing'oa injini ile wakatia nyingine, aghalabu ya Rover, wakidhani ya kwanza ina nuksi.

Je, ilikuwa na nuksi kweli? Tusikilize kesi kabla ya kukata hukumu.

Bloku la injini ile ni la chuma cha kusubu, ilhali vichwa vyake viwili ni vya alumini. Madini haya mawili yakikaa pamoja ndani ya maji matupu, alumini huliwa, na uchafu wake ukaenda kuziba vijibomba vya rejeta. Wengine walioifungua walikuta hata mchanga wa kiwandani, uliosalia tangu bloku liliposubiwa. Tena pampu ya maji iliwekwa juu, katikati ya safu mbili za silinda. Maji yakipungua, hiyo ndiyo ya kwanza kukaukiwa.

Basi fundi mwenye subira huanzia wapi? Huanza na maji, injini ikiwa imepoa. Ole wake afunguaye kifuniko cha rejeta na mvuke umo ndani! Hukikagua na kifuniko chenyewe, maana ndicho kibanacho maji yasichemke mapema. Kikilegea, maji huchemka kwenye nyuzi 100 kama ya birika.

Kisha huuliza swali kuu: joto hupanda lini? Likipanda gari likiwa kwenye foleni, na kushuka likipata mwendo, atazame feni: upepo ndio uliopungua. Likipanda kwenye mwendo wa kasi, basi maji hayazunguki vyema au rejeta imeziba. Thamostati nayo hupimwa jikoni: itie katika sufuria ya maji, uyachemshe; ikikataa kufunguka, mwizi umempata. Mwenye pupa huing'oa akaenda zake bila hiyo, na maradhi akayaacha ndani.

La mwisho ni gasketi ya kichwa. Maji yakipungua pasipo kuvuja, mapovu yakatoka rejetani, au oili ikageuka rangi ya maziwa, usiiwashe tena injini. Kichwa cha alumini kikizidiwa na joto hupinda. Na cha Stag hata kukitoa ni kazi, kwa sababu vyuma vinavyokishika vimesimama kwa pande mbili tofauti, na baadhi yake hugandamana nacho kwa kutu.

Leo hii ziko Stag zenye injini yake ya asili ziendazo bila kutokota. Wenyewe walisafisha njia za maji, wakatengeneza rejeta, wakatia maji yenye dawa ya kuzuia kutu na kuyabadili kwa wakati. Injini ni ile ile iliyotupwa na wengine.

Nasi watu wa mwambao, tuliozoea kuchota maji popote tukayamimina, tukumbuke kuwa maji ya kisima yenye chumvi huharakisha kutu katika injini yoyote.

Mshale wa joto ukipanda, basi, simama, zima, ngoja ipoe, kisha uulize. Aliyeuliza mapema alinunua thamostati. Aliyeendelea na safari alinunua injini.