Misitu ya Baridi (2): Mti Wenye Akiba Usiokua

Sehemu ya kwanza ilieleza misitu ya misonobari na jamaa zake inayoizunguka kaskazini ya dunia, kuanzia Alaska na Kanada hadi Siberia. Sasa tuulize baridi inauzuiaje mti kukua. Wengi hujibu kwamba majani yakipoa hayatengenezi sukari ya kutosha, hivyo mti hudumaa kwa njaa. Jibu hilo silikubali. Majani ya miti hii hutengeneza sukari hata hewa inapokaribia kuganda, ilhali seli zinazojenga mbao chini ya gome karibu huacha kabisa kugawanyika joto likishuka chini ya nyuzi 5 za sentigredi. Christian Körner wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzake waliichunguza miti ya mpakani, kule juu milimani msitu unapokomea, wakaikuta na akiba tele ya wanga na sukari. Mwenye njaa hana ghala lililojaa. Chakula kipo, joto la kukigeuza kuwa mbao ndilo halipo.

Yupo atakayesema kwamba kosa ni la ufupi wa kiangazi, si la baridi yenyewe. Lakini ni nini kinachokifupisha kiangazi kama si baridi hiyo hiyo? Tena pete za miti zina ushahidi wake. Volkano ya Huaynaputina, nchini Peru, ililipuka mwaka 1600 na kutandaza angani ukungu wa salfa ulioupunguza mwanga wa jua na kuipoza dunia. Kiangazi cha 1601, miti ya kaskazini ilijenga mbao hafifu mno.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ikiwa joto ndilo linalokosekana, mbona misprusi mingi (jamaa ya misonobari) ya Alaska ya ndani imepunguza ukuaji katika miaka yenye joto? Eneo hilo ni kavu. Fairbanks hupata takriban milimita 300 tu za mvua na theluji kwa mwaka, na joto likizidi, udongo hukauka. Kizuizi cha baridi kinapoondoka, maji huwa kizuizi kipya. Kwa hiyo naona hatari kubwa katika makadirio yanayopima ukuaji kwa sukari ya majani peke yake: yanaihesabia misitu hii hewa ukaa ambayo mbao zake hazijaihifadhi.