Ordinateri ya nyumbani ikipata homa: soma namba kabla ya kutoa pesa



Leo nataka tuongee juu ya joto la proseseri. Wengi wetu tuko na ordinateri ya mezani nyumbani, zile za okazioni zinazotoka Ulaya, na njo zinabeba kazi ya familia nzima: memware ya mudogo, faktura za mama, mitihani tunayowaandikia wanafunzi. Siku mashini inaanza kuchemka na kujizima, mutu anakimbia kwa fundi, fundi anasema proseseri imekufa, na pesa inatoka. Mara nyingi proseseri haikufa. Inalia tu, na sisi hatujui kusikiliza kilio chake.

Kwetu hapa Lubumbashi ilitokea mwezi wa kumi, wakati wa joto kali. Mudogo wangu alikuwa amebakiza siku tisa aweke memware yake ya kumaliza masomo. Saa mbili usiku naskia anaita: “Yaya, mashini imezimika tena! Na ukurasa yote imepotea.” Tukaiwasha. Dakika kumi, ikazimika. Niliweka programu ya kupima joto, nikaona digri 78 bila mashini kufanya kazi yoyote. Akifungua tu maandishi yake pamoja na intaneti, inaruka mpaka 100.

Fundi wa kwanza hata hakufungua kifuniko. Akasema: “Mukubwa, ile proseseri imekwisha. Leta dola 60, kesho utapata ingine.” Dola 60 njo ilikuwa pesa ya kuchapisha na kufungisha memware. Tukaomba usiku mumoja wa kufikiri. Ule usiku njo ulituokoa.

Namba peke yake haisemi kitu

Kwanza, joto la kawaida ni ngapi? Kwa mashini nyingi za mezani, zikiwa zimetulia, namba iko kati ya 35 na 50. Zikifanya kazi nzito, 60 mpaka 80 na kidogo zaidi haitishi. Proseseri nyingi za Intel, kama ile Core i5-4570 ya kwetu ya mwaka 2013, zimewekewa mpaka wa karibu digri 100. Zikifika pale zinapunguza mwendo zenyewe ili zijikinge. Njo maana mashini yenye joto inakuwa nzito kama konokono. Joto likipita pale tena, inajizima. Kule kujizima si kifo, ni kinga. Proseseri iliyokufa kweli, mara nyingi mashini haiwaki kabisa.

Lakini usishike namba peke yake. Shika tofauti kati ya proseseri na hewa ya nyumba. Ventilateri haitengenezi baridi, inapitisha tu hewa iliyomo chumbani. Kwa hiyo, mwezi wa saba chumba kikiwa digri 20 na proseseri iliyotulia 38, tofauti ni 18. Mwezi wa kumi chumba kikipanda mpaka 31, proseseri itaonyesha karibu 49, na tofauti ni ile ile 18. Mashini haina ugonjwa, ni majira yamegeuka. Sasa angalia ya kwetu: 78 kutoa 31 ni 47, na mashini imetulia! Pale ugonjwa uko.

Ndiyo maana nawashauri: andika namba za mashini yako siku iko muzima. Joto la chumba, joto la proseseri ikitulia, joto lake ikifanya kazi robo saa. Namba tatu tu, kwa kalamu, kwenye karatasi uibandike ndani ya kifuniko. Siku ya shida utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Programu za kupima ni za bure: HWiNFO au Core Temp kwa Windows, lm-sensors kwa Linux. Na usishangae ukiona ndani ya BIOS namba iko juu kidogo kuliko ndani ya Windows. Kule proseseri mara nyingi haipumziki vile inavyopumzika ndani ya Windows.

Angalia joto linapanda namna gani

Hii njo siri ambayo fundi wetu hakuitazama. Kuna joto linalopanda polepole, na kuna joto linaloruka.

Likipanda polepole, 55, halafu 63, halafu 72, kwa dakika kumi na tano au ishirini, shida ni hewa. Vumbi limeziba, ventilateri imechoka, ao mashini imefungiwa kwenye kabati.

Likiruka kutoka 45 mpaka 95 kwa sekunde mbili, na ukifunga kazi linashuka palepale, shida iko kati ya proseseri na radiateri, ile chuma yenye mapezi inayokaa juu yake. Joto linatoka kwa proseseri lakini halivuki kwenda kwa radiateri. Hata hapo kuna namna ya kuhakikisha: namba ikisoma 90 na zaidi, gusa radiateri pembeni kwa kidole, mbali na mapanga ya ventilateri na mbali na waya. Ikiwa moto sana, joto linavuka vizuri, tafuta shida ya hewa. Ikiwa vuguvugu tu, basi havishikani.

Usiku ule niligusa ya kwetu. Skrini ilisema 98. Radiateri ilikuwa vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Nikajua hapo: dola 60 hazitoki.

Fuata mpangilio, kuanzia kile kisicholipwa

Ya kwanza, angalia kama mashini inafanya kazi ya siri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uangalie proseseri inatumika kwa asilimia ngapi. Kama hujafungua kitu na iko 90 ao 100, si ugonjwa wa chuma. Inaweza kuwa Windows inajipatia mapya, subiri imalize. Inaweza pia kuwa virusi iliyoingia kwa fleshi, zingine zinatumikisha proseseri yako kuchimba pesa za mtandaoni za mutu usiyemjua. Pita na antivirusi kwanza.

Ya pili, angalia fasi mashini inakaa. Tuko na desturi ya kuifunika kitambaa kizuri cha kushona, juu ya vumbi. Kitambaa hicho kikae wakati mashini imezimwa tu. Iondoe kwa ukuta, uiache ipumue nyuma. Halafu fungua kifuniko cha pembeni, uitumikishe vile, upime. Namba ikishuka digri tano mpaka kumi, sanduku halipati hewa ya kutosha.

Ya tatu, vumbi. Hapa kwetu wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi nyekundu inaingia kila fasi, na inajaza mapezi ya radiateri mpaka inakuwa kama blanketi. Zima, chomoa waya ya umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, na gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine. Tumia burashi laini ya rangi na pompi ya baiskeli. Shika mapanga ya ventilateri kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza. Pompi kubwa ya matairi ya gari achana nayo, mara nyingi inatema maji pamoja na hewa.

Ya nne, washa uangalie kama ventilateri inazunguka sawasawa. Wakati mwingine ni waya tu imeingia kati ya mapanga, ao imechomekwa fasi isiyo yake.

Ya tano na ya mwisho, kama ishara zinasema joto halivuki, toa radiateri. Kati yake na proseseri kuna ile pati ya kupitisha joto, na kwa mashini ya miaka kumi mara nyingi imekauka kama udongo. Futa ya zamani kwa kitambaa safi na alkoli ya farmasi, acha ikauke, weka mpya kiasi cha mbegu moja ya haragi ndogo, katikati. Radiateri yenyewe itaitandaza. Na tafadhali, musiweke dawa ya meno! Najua kuna wanaoifanya. Inasaidia siku chache, halafu inakauka na munarudi palepale.

Kosa lilikuwa langu

Sasa niseme ukweli ambao sikupenda kuusema mbele ya mudogo wangu. Wiki moja kabla, mimi njo nilisafisha ile mashini. Nilitoa radiateri kwa kujionyesha kuwa najua, nikaifuta vumbi, nikairudisha juu ya pati ile ile kavu. Radiateri ya Intel ya aina ile inashikwa na misumari minne ya plastiki. Kila kichwa kiko na mshale, na mshale unaonyesha upande wa kufungulia. Ukitaka kufunga, kwanza urudishe kichwa upande wa kinyume, halafu usukume misumari miwili inayotazamana kwa pembe, na ile mingine miwili, mpaka kila mumoja uliye “tak”.

Msumari mumoja wa kwangu haukulia. Kwa macho ulionekana umeingia. Tulipogeuza kadi mama na kuangalia nyuma, miguu yake haikuwa imetokea. Radiateri ilikuwa imeinama upande mumoja kama meza yenye mguu mufupi, na kati yake na proseseri mulikuwa hewa.

Tulinunua pati kwa dola 3, tukaweka, tukafunga misumari yote na kuitazama nyuma. Asubui, mashini ikitulia: 48. Baada ya robo saa ya kazi nzito: 79. Mudogo wangu aliketi kuandika, na memware iliwekwa siku yake.

Mara zingine kipimo njo kinadanganya

Mukiona proseseri inayopozwa kwa ventilateri ya kawaida inaonyesha joto la chini kuliko chumba, musifurahi. Hilo haliwezekani. Zile AMD FX za zamani zinajulikana kwa hilo zikiwa zimetulia. Na Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilitengenezwa zikionyesha digri 20 zaidi ya joto lenyewe, kwa ajili ya kuongoza ventilateri. Kuna pia Ryzen 7000, kuanzia 2022, ambazo AMD yenyewe inasema zinaweza kufika 95 kwa kazi nzito bila kuharibika. Kwa hiyo kabla ya kuogopa, jua kwanza jina la proseseri yako.

Sisemi mafundi ni wabaya. Mafundi wazuri tuko nao, na kuna siku utamuhitaji, hasa kama mkono wako hauna uzoefu. Lakini muende kwake na namba tatu mkononi, na mumwambie joto linaruka ao linapanda polepole. Fundi akiona unajua kusoma, naye atafungua kifuniko kabla ya kutaja bei.

Na wewe uliyesafisha mashini wiki iliyopita na sasa inachemka: kabla ya kulaumu proseseri, hesabu misumari.