Miamba ya Muhuru ina Wenyewe

Wako watu wengi wanaoamini kwamba kupandisha gari juu ya mwamba kwa hiari, mahali ambapo hata punda angesita, ni upuuzi wa walioshiba. Hoja yao si ya kupuuzwa. Katika nchi ambamo magari ya abiria hukwama matopeni yakiwa na wagonjwa ndani, mtu anayeitafuta njia mbovu makusudi ili ajifurahishe hana budi kueleza anafanya nini. Makala haya ndiyo maelezo yangu, nami nayatoa baada ya kupitisha wikendi moja pamoja na marafiki huko Muhuru Bay, katika pembe ya Kaunti ya Migori ambako Kenya inapakana na Tanzania kwenye ufuo wa Ziwa Victoria.

Naam, naungama kwamba mchezo huo unapendeza. Nasema zaidi ya hayo: una mafunzo ambayo mwalimu na mwanafunzi hawayapati kwa urahisi darasani. Hata hivyo miamba hiyo ina wenyewe, na anayeichezea ana deni kwao. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Swali ni iwapo sisi wageni wa siku mbili twaja na uponyaji wowote, au twaja na vumbi tu.

Tulikuwa watano: mwalimu wa fizikia, mwalimu wa jiografia, muuguzi, fundi wa magari, na mimi ninayefundisha Kiswahili. Magari yalikuwa mawili, yote makuukuu, yote ya aina inayosukuma kwa magurudumu manne. Kanuni ya kwanza ya safari za namna hii ni kwamba gari moja haliendi peke yake, maana likikwama halina wa kulivuta. Tulibeba kamba nene, majembe, jeki, mahema, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza, tukaondoka mjini Migori Ijumaa alasiri kwa njia ya Masara na Macalder.

Hapo Macalder palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, dhahabu haikwisha, na hadi leo wachimbaji wadogo wa eneo hilo huitafuta kwa sururu na kuinasa kwa zebaki, sumu ambayo huwadhuru wao wenyewe na maji wanayoyatumia. Fundi wetu alituonya kwamba katika ardhi iliyochimbwa hivyo, dereva anayeacha njia kwa ubabe aweza kujikuta ndani ya shimo. Tukashika njia.

Jumamosi asubuhi, karibu na ziwa, tuliiacha barabara tukafuata ujia wa ng'ombe unaopanda kilima cha mawe. Asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba mwamba hushindwa kwa kasi. La hasha! Mwamba hupandwa kwa mwendo wa kinyonga. Kwanza hupunguzwa upepo wa magurudumu, ili mpira ulegee na kulikumbatia jiwe badala ya kuteleza juu yake. Kisha huingizwa gia nzito, ile ambayo katika magari mengi ya aina hii huyapunguzia magurudumu mwendo takriban mara mbili na kuyaongezea nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Baada ya hapo dereva huondoa pupa moyoni, na hilo ndilo gumu kuliko yote.

Muda si muda gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani. Likawa lazunguka kwa fujo, na mwenzake aliyekuwa juu ya jiwe akasimama tuli. Mwalimu wa fizikia alishuka akatufundisha papo hapo. Difu ya kawaida, alisema, huyagawia magurudumu mawili ya ekseli moja nguvu sawa ya kuzungusha. Lililo hewani halina linachokisukuma, kwa hiyo nguvu linayoihitaji ni ndogo mno, na lile lililo ardhini hupata kiasi hicho hicho kidogo. Kukanyaga mafuta zaidi ni kupoteza mafuta. Dawa ni kulirudishia gurudumu lile ardhi yake. Tukajaza mawe chini ya gurudumu, gari likapanda bila kelele. Nimewaona wanafunzi wakikariri habari za difu kwa ajili ya mtihani na kuisahau wiki ya pili. Sidhani kama mwanafunzi aliyezibeba zile ndoo za mawe angeisahau.

Somo la pili lilihusu mamlaka. Dereva aliyeketi nyuma ya usukani haoni magurudumu yake yako wapi. Hana budi kumfuata mwelekezaji, mtu anayesimama mbele na kumwonyesha kwa mikono: kushoto kidogo, simama, panda juu ya jiwe lile usilipitishe katikati, maana tumbo la gari liko chini kuliko unavyodhani. Mwelekezaji wetu bora alikuwa muuguzi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye injini. Jicho lake lilikuwa tulivu na mkono wake haukusitasita. Mwenye gari alimtii. Ni shule ngapi zetu ambamo mwenye cheo humtii mwenye kuona?

Hata hivyo somo zito kuliko yote halikutoka kwetu. Tulipokuwa tukihangaika na mawe, wenyeji walikuwa wakipita kando yetu kwa miguu: wanawake wenye beseni za omena kichwani, watoto waliotumwa dukani, vijana wenye galoni za maji. Walitupita sote watano pamoja na mashine zetu, na hakuna aliyehema. Mzee mmoja alisimama, akatusabahi, akauliza iwapo tumetumwa na serikali kuipima barabara.

“La, jaduong',” akajibu mwalimu wa jiografia kwa heshima, “tunafanya mchezo tu.”

Mzee aliyatazama magari, akatazama kilima. Akatuambia kwamba ujia ule ndio aliopitia mke wa mwanawe siku aliposhikwa na uchungu wa uzazi usiku wa mvua, akiwa amebebwa juu ya kitanda na wanaume wanne. Hakulalamika wala hakutulaumu. Alitutakia safari njema, akaendelea na njia yake.

Tangu hapo nimeyafikiria sana maneno ya mzee yule. Kilima kile kile, mawe yale yale. Kwa mmoja ni burudani, kwa mwingine ni hatari ya usiku. Waweza kusema kwamba sisi hatukuyaweka mawe pale, na ni kweli. Lakini maadamu tumepata furaha kutokana na shida ya mwenzetu, hatuwezi kuondoka kana kwamba hatukuiona.

Je, mchezo huu waweza kulipa deni lake? Historia yatuonyesha kwamba waweza. Mwaka 1953 wakazi wa Georgetown, mji mdogo wa California nchini Marekani, waliandaa safari ya magari aina ya Jeep kupitia njia ya mawe iitwayo Rubicon. Nia yao ilikuwa kuuinua uchumi wa mji wao uliokuwa umedorora. Tazama basi: wenye miamba ndio waliowaalika wageni, na faida ilikusudiwa kubaki kwao. Mwaka huo huo wa 1953 yalianza hapa kwetu mashindano ya Coronation Safari, yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo yalifanywa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Wanavijiji walisimama kando ya barabara wakishangilia, na vumbi likawa lao.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Kenya pia. Mwaka 1989 yalianzishwa mashindano ya Rhino Charge. Humo washindani hutakiwa kufikia vituo 13 katika muda wa saa 10, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi zaidi, hata kama ni kwa kupitia makorongo na majabali. Kila mshindani huchangisha fedha, na fedha hizo zimesaidia kujenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuizunguka milima ya Aberdare. Ua huo ulikamilika mwaka 2009. Ndani yake msitu na wanyama wamehifadhika. Nje yake mkulima analala bila hofu ya tembo shambani. Huo ndio mchezo uliokumbuka kwamba ardhi ina wenyewe.

Sisi watano hatukuwa na uwezo wa kujenga ua. Lakini tuliomba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kupiga mahema, tukamlipa. Chakula tulinunua kwa akina mama wa ufuoni. Hatukukata njia mpya popote, kwani alama ya gurudumu iliyoachwa nyasini leo huwa mfereji mvua ikinyesha, na mfereji huwa korongo linalokula shamba la mtu. Na kabla ya kuondoka, yale mawe tuliyokuwa tumeyakusanya tuliyashindilia kwenye mashimo mawili mabaya kuliko yote ya ujia ule, vijana wa pale wakitusaidia. Ni jambo dogo, nakiri. Saa mbili za kazi zilitosha.

Usiku tulilala mbali kidogo na maji, kwa sababu viboko hutoka kula nyasi gizani na hawapendi kuzibiwa njia. Mwezi haukuwapo, nao ndio usiku wa kuvua omena. Ziwa likajaa taa za wavuvi, mamia kwa mamia, kana kwamba kuna mji ng'ambo. Mwalimu wa jiografia akatukumbusha kwamba ziwa hilo, kubwa kuliko yote Afrika, lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena, na kwamba mwaka 2020 maji yake yalipanda kupita kiwango cha mwaka 1964 na kufurusha watu ufuoni. Miamba tuliyokuwa tumeegemea, ya ukanda wa Migori, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kaskazini kidogo, Karungu, mwanajiolojia Felix Oswald alichimbua mwaka 1911 mabaki ya wanyama wa kale, na ni huko huko yalikopatikana mabaki ya Deinotherium, jamaa wa tembo ambaye pembe zake ziliinama kutoka taya la chini.

Jumapili, tukirudi, tulipitia Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Hizo ni boma za mawe zinazodhaniwa kujengwa tangu karne ya 16, kuta za kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.2, bila saruji wala udongo wa kushikiza. Jiwe limelishika jiwe. Serikali ilizitangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 1981, na UNESCO ikaziingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Fundi wetu, ambaye siku nzima ya Jumamosi alikuwa akipanga mawe chini ya magurudumu na kuyaona yakiteleza, alisimama mbele ya ukuta ule akavua kofia.

Walimu wenzangu, hatuhitaji magari ya kupanda miamba ili kuwafikisha wanafunzi wetu mahali kama hapo. Basi la shule latosha, na pasipo na basi, kipo kilima nyuma ya darasa. Tunasema kwamba mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende na agundue. Basi na atolewe nje, apime, ainue, aulize wazee. Nanyi wanafunzi mnaoishi Muhuru, Karungu na Kadem, msikubali kuambiwa kwamba kwenu ni mawe matupu. Watu wamevuka bahari ili kuyasoma mawe hayo.

Na wale wa kaunti wanaotaka kuwavutia watalii, ninawaomba waanze na jambo moja. Kila gari linalokuja kuchezea vilima hivyo litozwe ada ndogo, na ada hiyo itengwe, kwa hesabu iliyo wazi kwa wanakijiji, kwa ajili ya kuitengeneza njia ya kwenda zahanati. Sisi wachezaji tutapoteza kilima kimoja cha kufurahia. Vilima ni vingi.