Pijo la baba: Likombolewe au likatwe vyuma?

UKIPITA Kariobangi au Gikomba asubuhi na mapema, nyundo huwa zimeanza kulia kabla watu hawajanywa chai. Mikokoteni inaingia na vyuma, malori yanatoka na vyuma. Katikati ya mabati yaliyokunjamana na fremu za vitanda, mara moja moja huonekana kitu cha kumfanya mtu mzima asimame ghafla na kushika kiuno: gari refu lenye taa za mbele zilizokatwa pembe na nambari za zamani zisizo na herufi mwishoni. Ni Peugeot 504, au Pijo kama Wakenya walivyolizoea.

Msomaji, ungefanyaje iwapo gari hilo lilikuwa la baba yako?

Tutoe mfano wa familia moja, kwani visa vya aina hii havikosekani mijini. Mzee alikuwa akiendesha Pijo lake baina ya Nakuru na Nairobi, abiria saba kila safari, na kwa nauli hizo akasomesha watoto watano. Alipougua, gari liliachwa kwa fundi. Mzee akafariki, fundi akachoka kulitunza, na miaka mingi baadaye kitinda mimba analiona likiwa juu ya matofali kwa muuza vyuma. Mwenye uwanja anasema atangoja hadi Ijumaa tu. Baada ya hapo mtungi wa gesi utawashwa, gari likatwe vipande na kupimwa kwa kilo.

Jioni hiyo nyumba inagawanyika. Kifungua mimba anataka lije nyumbani kesho yake. Dada yake, ambaye ndiye anayelipia wapwa zake karo, anauliza ni nani atakayemlipa fundi Januari shule zitakapofunguliwa. Mama ananyamaza. Ni vigumu kumlaumu yeyote kati yao.

Si wazimu tu

Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likateuliwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lakini sifa zake hapa kwetu hazikutoka Ulaya. Zilitoka kwenye matope na vumbi la Safari Rally. Ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Naye 504 akatwaa ushindi mwaka wa 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 akiwa na Jean-Pierre Nicolas. Watu waliosimama kando ya barabara siku za Pasaka walirudi makwao wakijua ni gari gani watakalonunua siku wakijaliwa. Mwalimu mkuu alilitaka, mkulima wa kahawa alilitaka, na wenye teksi za masafa marefu wakalichukua lile la bodi ndefu lenye safu tatu za viti.

Wala si ajabu gari lililotumika kuibuka bingwa. Volvo PV544 ambalo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda nalo Safari ya mwaka wa 1965 lilikuwa limekwisha kutumika kabla hawajalichukua. Hata hivyo, tusisahau kwamba Joginder mwenyewe alikuwa fundi. Wengi wetu tunaopenda magari haya hatujui hata kufungua kabureta.

Chukua bisibisi

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata senti moja, nenda uwanjani na fundi wa bodi, si fundi wa injini. Watu wengi hukimbilia kufungua boneti. Hilo ni kosa. Saluni ya 504 na lile la bodi ndefu halina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kutu ikila mifupa hiyo, hakuna rangi itakayokusaidia.

Mwombe mwenye uwanja ruhusa, kisha dunga bisibisi polepole kwenye kingo za chini ya milango, chini ya mazulia, na pale juu ambapo shokabzoba za mbele zinashika bodi. Ikigonga chuma na kurudi, endelea kutumaini. Ikizama kama inayoingia kwenye andazi, piga hesabu upya. Sakafu iliyotoboka inaweza kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Lakini sehemu za shokabzoba zikioza, shukuru mwenye uwanja kwa muda wake na uende zako.

Injini haitishi sana. Ile ya petroli ina slivu za silinda zinazotolewa na kutiwa nyingine, kwa hivyo kuchakaa kwake si hukumu ya kifo. Kinachohitaji kuangaliwa ni kichwa chake cha aluminiamu, ambacho hupinda gari likichemka mara kwa mara. Vipuri vya injini unaweza kuvitafuta Kirinyaga Road, ambako wazee wangali wanaita Grogan. Vitu vidogo ndivyo vitakavyokutoa jasho: kioo cha mlango, mpira wa dirisha, taa isiyo na ufa, kitasa. Gari lililovuliwa vitu hivyo vyote linaweza kukumalizia miaka ukivitafuta kimoja kimoja.

Halafu kuna makaratasi, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Muuza vyuma anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, lakini leseni hiyo haimfanyi kuwa mwenye gari. Ikiwa logibuku ingali na jina la marehemu, gari ni sehemu ya mali aliyoacha, na huwezi kulibadilisha jina bila stakabadhi za mahakama za kusimamia mirathi. Je, fundi aliliuza vipi? Sheria inamruhusu fundi kuuza mali iliyotelekezwa kwake, ila ni lazima kwanza atoe notisi. Ulizia notisi hiyo. Ukinunua gari lisilo na karatasi, umenunua pambo la uani, na mamlaka ya NTSA haitakuandikia jina lako kwa sababu ya machozi.

Asikudanganye mtu kwamba utapata faida. Ni kweli, yako magari ya kale yanayong'ara kila mwaka katika Concours d'Elegance jijini Nairobi, mashindano yaliyoanza 1970, na mengine yanatimua vumbi katika Safari Classic tangu 2003. Wenye magari hayo hawayatengenezi kwa pesa za unga. Kampuni nyingi za bima nazo husita kuyapa magari makuukuu bima kamili.

Maoni yangu ni haya: bodi ikiwa imara, karatasi zikipatikana, na pesa zisiwe za karo wala za mkopo, familia ile ilichukue Pijo lake hata kama litakaa miaka mitatu chini ya turubai likingoja zamu yake. Moja kati ya hayo likikosekana, yule dada ndiye anayesema kweli. Wamwombe mwenye uwanja awauzie usukani, saa za dashibodi na ile nembo ya simba, na injini wamwachie mwenye pikapu ya 504 anayeihitaji. Mama naye aulizwe, kwani huenda anataka kuliona mara moja tu kabla halijakatwa.

Watakaoamua kulichukua wamtafute fundi kwanza, kabla ya bredauni. Mafundi waliolelewa na magari haya wengi ni wazee sasa, na baadhi yao wamerudi mashambani. Ukimpata mmoja, mpe kijana wako amshikie spana.